Kabla Sampuli Haijafika Maabara: Kupima Dawa za Magugu Kwenye Matunda na Udongo wa Mara

Mvua za vuli zikishika katika wilaya za Musoma, Bunda na Butiama, magugu huota haraka kuliko mikono ya kuyapalilia. Vijana wengi wako ziwani, machimboni au mjini, na kibarua wa palizi anataka malipo ambayo mwenye ekari mbili za mihogo hana. Bomba la mgongoni na chupa moja kutoka duka la pembejeo humaliza kwa asubuhi moja kazi ambayo jembe lingeifanya kwa siku nyingi. Sioni sababu ya kumlaumu mkulima kwa hesabu hiyo. Lakini dawa haiishii pale magugu yanapokauka. Mtu anayenunua embe au chungwa sokoni ana haki ya kujua kama kuna kitu cha ziada ndani yake, na mwenye shamba ana haki ya kujua udongo wake umebeba nini.

Mjadala huu kwa kawaida hufungwa kwa kauli moja: pelekeni maabara wapime. Ni ushauri mwema usiotosha. Sehemu kubwa ya jibu huwa imeshaamuliwa kabla sampuli haijafika maabara. Inaamuliwa na jina la dawa uliloomba litafutwe, mti uliochuma, kina ulichochimba na kiwango utakacholinganisha nacho. Ukikosea hapo, mashine ya gharama kubwa itakupa namba sahihi isiyojibu swali lako.

Tuanze na bustani zenyewe. Miongozo mingi ya upimaji imeandikwa kwa kufikiria mashamba ya matufaha ya Ulaya na Marekani: mistari ya miti iliyonyooka, ukanda uliopulizwa dawa chini ya miti, nyasi katikati. Butiama hali ni nyingine. Miembe imezunguka boma au imesimama katikati ya mihogo. Michungwa na milimao imechanganyika na mahindi, mipapai iko nyuma ya jiko, migomba iko pale maji ya kuoshea vyombo yanapomwagika. Hatua chache mbele kuna pamba, zao la biashara la Bunda kwa miaka mingi. Dawa inayokutwa chini ya mwembe huenda ilipulizwa kwenye mahindi ya jirani, na chini ya mwembe huohuo kuna viazi vitamu vinavyokua ndani ya udongo unaoulizwa. Mpimaji anayechukua embe na kuviacha viazi na mihogo amefuata picha ya shamba la nchi nyingine.

Dawa ya magugu hupulizwa chini, na hilo linaitofautisha na dawa ya wadudu inayolengwa kwenye majani na matunda. Ili ifike kwenye tunda inahitaji njia. Upepo ni mojawapo. Musoma upepo wa ziwa huingia nchi kavu kadiri jua linavyopanda, na matone madogo yanayotoka kwenye nozeli iliyochakaa hupeperuka hadi kwenye matawi yaliyoinama. Njia nyingine ni tunda lenyewe kudondoka: embe lililoiva huanguka usiku juu ya majani yaliyopulizwa jana yake, na alfajiri watoto wanaliokota na kulila palepale, pengine na ganda lake. Kuna pia njia ya ndani ya mmea. Glifoseti ikigusa jani au gome la kijani husafiri na utomvu hadi kwenye sehemu zinazokua. Gome kavu la mwembe mkubwa huizuia, lakini mche mchanga, chipukizi la mgomba na shina la mpapai havina kinga hiyo. Parakwati huunguza pale ilipogusa na haisafiri sana. Atrazini, ambayo hutumika kwenye mahindi, hutembea na maji ya udongo na kunyonywa na mizizi, ilhali glifoseti na parakwati hushikwa na udongo kabla mzizi haujazipata.

Ukizifuata njia hizo unafika kwenye hitimisho lisilozoeleka: tunda lililochumwa juu ya mti mkubwa, safi na lililo tayari kwa soko, ndilo lenye nafasi ndogo kuliko yote ya kuonyesha dawa ya magugu. Ndilo pia ambalo watu hupeleka maabara. Wanaotaka kujua ukweli wachukue makundi matatu tofauti na wasiyachanganye, yaani matunda ya juu, matunda ya matawi ya chini upande unakotoka upepo, na matunda yaliyookotwa chini. Yakisagwa pamoja, yale ya juu yatapunguza ukali wa yale ya chini, na mtoto anayeokota maembe hatoonekana popote kwenye ripoti.

Sasa tuingie maabara, kwa sababu hapa kuna kosa ambalo linaweza kuidanganya jamii nzima bila mtu yeyote kukusudia. Tangu 2003 maabara nyingi duniani hutumia mbinu iitwayo QuEChERS. Tunda husagwa, gramu kumi hivi hutikiswa kwenye asetonitrili pamoja na chumvi, kile kimiminika cha juu hutolewa na kupitishwa kwenye kromatografu iliyounganishwa na spektrometa ya masi. Kwa mpigo mmoja hutafutwa mamia ya viuatilifu. Ni mbinu nzuri na imeokoa fedha nyingi. Tatizo ni kwamba glifoseti hupenda maji kuliko asetonitrili, kwa hiyo hubaki kwenye majimaji ya tunda na haiingii kabisa kwenye kile kinachopimwa. Parakwati ni vivyo hivyo. Zinahitaji utaratibu wake maalumu, kwa mfano ule uitwao QuPPe ulioendelezwa Stuttgart, Ujerumani, unaotumia methanoli yenye asidi, au kwa glifoseti kuibadilisha kwanza kikemia ili mashine iione. Hata chombo kina maana: dawa hizi mbili hung'ang'ania kioo, kwa hiyo chupa ziwe za plastiki.

Maana yake ni kwamba cheti kinaweza kusema viuatilifu mia tatu vimetafutwa na hakuna kilichogundulika, kikawa cha kweli kila neno, na bado kisiseme lolote kuhusu dawa iliyonunuliwa dukani na kupulizwa chini ya mwembe ule. Ningependa kila afisa ugani na kila kiongozi wa kikundi cha wakulima anayepokea ripoti ya namna hiyo aulize mambo mawili tu: dawa gani zilikuwa kwenye orodha, na kiwango cha chini ambacho mashine iliweza kupima ni kipi. Neno "haikugundulika" bila majibu hayo halina uzito.

Historia ya upimaji katika kanda yetu inaeleza pengo hili. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria kutoka Tanzania, Kenya na Uganda baada ya taarifa za uvuvi wa kutumia sumu. Wavuvi na wafanyakazi wa viwanda vya minofu walikosa kipato, na kazi ya kuonyesha kwamba minofu ni salama ikawaangukia watu wasiokuwa na maabara za kutosha. Baadaye watafiti L. Henry na M. A. Kishimba walipima sato na sangara wa upande wa kusini wa ziwa, na katika matokeo yao ya mwaka 2006 wakaonyesha mabaki ya DDT na endosulfani. Kazi hiyo ilikuwa muhimu, nayo ilitafuta viua wadudu vinavyojificha kwenye mafuta ya samaki. Ujuzi mwingi uliojengwa Tanzania ulifuata mkondo huo, na ulikuwa sahihi kwa sumu za wakati huo. Dawa za magugu zinazopenda maji zimekuja na mahitaji mengine ya vifaa, kemikali na mafunzo.

Udongo ndio shahidi bora zaidi, ingawa nao una tabia zake. Chukua hesabu hii. Mkulima anapuliza lita 4 kwa hekta za glifoseti yenye gramu 360 katika lita, yaani gramu 1,440. Udongo wa sentimita 10 za juu katika hekta moja una uzito wa takriban tani 1,300. Kama dawa yote ingefika chini na kuchanganyika sawasawa, siku hiyohiyo ungekuta kama miligramu 1.1 kwa kilo. Ukichimba hadi sentimita 20, namba inashuka hadi nusu yake ingawa hakuna hata chembe iliyooza. Ukikwangua sentimita 5 tu, inapanda hadi zaidi ya 2. Dawa hizi hukaa juu juu. Basi ripoti ya udongo isiyotaja kina haiwezi kulinganishwa na nyingine, na mtu mwenye nia ya kupata namba ndogo anaweza kuipata kwa kuongeza urefu wa chombo cha kuchimbia.

Aina ya udongo inabadilisha mambo zaidi. Kwenye vilima vya mawe vya Butiama na Musoma kuna kichanga kinachotokana na miamba ya granaiti. Kwenye mabonde ya Bunda kuna udongo mweusi wa mbuga, ule unaopasuka kiangazi na kunasa magurudumu masika. Glifoseti hushikwa na oksidi za chuma na alumini na chembe za mfinyanzi, na hugombea nafasi hizo na fosfeti, kwa hiyo mbolea yenye fosfeti inaweza kuiachia tena. Huoza kwa kazi ya vijidudu, na muda wa kupungua nusu hutofautiana kutoka siku chache hadi miezi kadhaa. Inapooza huacha kitu kiitwacho AMPA ambacho hudumu zaidi, na ndiyo maana kupima glifoseti peke yake ni kuhesabu nusu ya habari. Parakwati huingia katikati ya matabaka ya mfinyanzi na kukaa humo kwa miaka. Imeshikwa kiasi kwamba ili kuitoa, maabara huchemsha udongo kwenye asidi ya salfuriki kwa saa kadhaa. Namba kubwa ya parakwati kwenye udongo mweusi kwa hiyo haimaanishi kwamba mihogo inainyonya. Inaeleza historia ya shamba. Kwenye kichanga kisicho na mboji, ambako kushikwa ni hafifu, namba ndogo zaidi inaweza kuwa na hatari kubwa zaidi kwa kisima kilicho karibu, hasa kwa atrazini, dawa ambayo Umoja wa Ulaya uliiondoa mwaka 2004 kwa sababu ya maji ya ardhini.

Na udongo hautulii. Mvua ya kwanza yenye nguvu baada ya kiangazi hubeba tabaka la juu hadi vijitoni, na kutoka hapo hadi ziwani. Chembe za udongo zinazoondoka ndizo zilizoshika dawa. Anayechukua sampuli wiki moja baada ya gharika na kukuta kidogo, aende pia akachote tope chini ya mteremko kabla ya kusema dawa imekwisha.

Tunda likishapimwa, namba inahitaji kitu cha kulinganishwa nacho, na hapa watu wengi hupotoshwa na viwango vya biashara. Kwa zao na dawa ambayo haikupangiwa kiwango maalumu, Umoja wa Ulaya hutumia miligramu 0.01 kwa kilo, yaani miligramu kumi katika tani nzima ya maembe. Kiwango hicho ni mpaka wa soko. Kukivuka kunaweza kurudisha kontena, bila kumaanisha kwamba mlaji ameumia. Kuna kipimo kingine kinachohusu mwili, cha kiasi ambacho mtu anaweza kula kila siku maisha yake yote. Kikao cha pamoja cha wataalamu wa FAO na WHO kimeweka hadi miligramu 1 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa glifoseti, na hadi 0.005 tu kwa parakwati.

Fikiria mtoto wa kilo 15 anayekula gramu 300 za embe lenye miligramu 0.1 kwa kilo. Amepata miligramu 0.03, sawa na 0.002 kwa kila kilo ya mwili wake. Kama ni glifoseti, hiyo ni asilimia 0.2 ya kiasi kinachokubalika. Kama ni parakwati, ni asilimia 40, na msimu wa maembe hakuna mtoto wa Majita au Ikizu anayeishia kwenye embe moja. Akila matatu amevuka mpaka. Namba ya maabara ni ileile, 0.1. Mwandishi wa habari anayeandika tu kwamba "sumu imekutwa kwenye maembe", na afisa anayejibu tu kwamba "ni kiasi kidogo", wote wawili wameacha jambo la msingi.

Kuhusu glifoseti yenyewe wanasayansi bado hawajasema kwa sauti moja. Wakala wa WHO wa utafiti wa saratani uliiweka mwaka 2015 katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu. Mwaka uliofuata kikao kile cha FAO na WHO kikasema haielekei kuleta saratani kwa njia ya chakula. Wakala uliuliza kama dawa ina uwezo wa kudhuru, kikao kikauliza kama kiasi kinacholiwa kinatosha kudhuru. Anayekaa karibu zaidi na swali la kwanza ni mpulizaji, mwenye bomba linalovuja mgongoni na miguu wazi. Tukipima matunda pekee, mtu anayegusana na dawa nyingi kuliko wote katika mnyororo huu hatapimwa.

Lipo pia suala la kuaminika, na Mara imelionja. Machi 2022 maji ya Mto Mara upande wa Kirumi yalibadilika rangi na samaki wakafa. Kamati ya wataalamu iliyoongozwa na Profesa Samwel Manyele ikaeleza kwamba oksijeni ilipungua kwa sababu ya uozo wa mimea na vinyesi vya mifugo. Wananchi wengi, waliokuwa wakiutazama mgodi ulio upande wa juu wa mto kwa miaka mingi, hawakuridhika. Funzo ninalolichukua kwa ajili ya matunda na udongo ni la utaratibu. Wenye mashamba wawepo wakati wa kuchukua sampuli. Kila sampuli igawanywe sehemu mbili, na moja ifungwe kwa lakiri na kuhifadhiwa. Iwepo sampuli ya shamba lisilowahi kupulizwa, na iwepo nyingine ambayo dawa imetiwa makusudi kwa kiasi kinachojulikana. Maabara ikirudisha kati ya asilimia 70 na 120 ya kiasi kile kilichotiwa, kazi yake inakubalika kwa miongozo inayotumika Ulaya. Ikishindwa, matokeo mengine yote yasubiri.

Si kila kipimo kinahitaji mashine. Pamba ni mmea unaoumizwa haraka sana na 2,4-D, dawa ya magugu ya majani mapana inayopulizwa kwenye mahindi. Upepo ukiibeba kidogo tu, majani mapya ya pamba hujikunja na kuwa membamba kama vidole. Mkulima wa Bunda aliyewahi kuona hilo ukingoni mwa shamba lake ana ushahidi wa upeperukaji, na apige picha yenye tarehe. Vivyo hivyo udongo unaoshukiwa kuwa na atrazini unaweza kujazwa kwenye makopo, ukapandwa maharage au matango, kando yake makopo ya udongo usiopulizwa. Miche ikinyauka kwa wa kwanza na kustawi kwa wa pili, inafaa kulipia maabara. Kipimo hicho hakifai kwa glifoseti na parakwati, ambazo udongo umezishika hadi mche hauzihisi.

Kama ningepewa kupanga upimaji wa wilaya hizi tatu, ningeanza na mashamba machache yaliyochaguliwa kwa udongo wake: kichanga cha kilimani Butiama, mbuga ya Bunda, na mashamba ya ufukweni Musoma. Kila shamba lingechimbwa kabla ya kupulizwa, siku ya pili, baada ya mwezi na baada ya mvua kwisha, kwa sentimita 5 za juu na kisha zile za chini yake, chini ya kivuli cha mti na nje yake. Matunda yangefuata kanuni ya Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula: kwa tunda kubwa kama embe, angalau matano yenye kilo 2, kwa chungwa, angalau kumi yenye kilo 1. Yasioshwe. Embe hupimwa pamoja na ganda baada ya kutoa kokwa, lakini hesabu hufanywa kwa uzito wa tunda zima, jambo ambalo ripoti ilitaje waziwazi. Musoma kuna barafu ya samaki, kwa hiyo kupoza si tatizo. Mifuko ifungwe ili maji ya barafu yasiingie, kisha sampuli zigandishwe kabla ya safari ndefu ya Arusha.

Arusha, Ngaramtoni, ndiko makao ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, iliyoundwa kwa sheria ya 2020 na kurithi kazi za taasisi ya zamani ya TPRI. Shirika la Viwango, TBS, linasimamia usalama wa chakula tangu 2019, na Mkemia Mkuu wa Serikali ana ofisi ya kanda Mwanza. Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Mwalimu Nyerere kiko Butiama kwenyewe. Sitarajii chuo kipya kinunue mashine kubwa mara moja. Kinachoweza kufanyika mapema ni kuwafundisha wanafunzi kuchimba, kufunga lebo, kuhifadhi kwa baridi na kutunza daftari la kila shamba: dawa gani, kiasi gani, tarehe gani, upepo ulitoka wapi. Daftari hilo ndilo litakaloiambia maabara itafute nini.

Na daftari lisiamini lebo peke yake. Viuatilifu bandia ni tatizo linalojulikana Tanzania, na dawa nyingine huuzwa zikiwa zimemiminwa kwenye chupa za maji au soda. Pamoja na udongo na matunda, kila shamba litoe mililita chache za dawa iliyokuwa kwenye bomba. Zisafirishwe kwenye kasha lake peke yake, mbali na sampuli nyingine, kwa sababu tone moja linatosha kuharibu matokeo yote. Maabara izipime hizo kwanza, kisha ndipo orodha ya vitu vya kutafutwa kwenye embe na udongo iandikwe.